Huenda Ungependa

Bwana Pickersgill, msimamizi wetu, hapazi sauti.
Saa kumi na moja alfajiri, kiwandani Grimsby,
kwenye baridi inayoingia hadi kwenye fizi,
alinijia kati ya kreti za samaki, akatabasamu:
"Daiva, huenda ungependa kufagia pale penye barafu?"
Nikafikiri.
Nikauchunguza moyo wangu kwa haki, kona zote.
"Hapana," nikamjibu. "Nisingependa."

Nilidhani ameuliza.

Barua ya onyo ilifika Ijumaa, nayo ina adabu zake:
ilianza na masikitiko,
ikaishia "wako mwaminifu".

Ndiyo maana kila Jumanne napanda ngazi za maktaba,
chumba cha juu, viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu.
Tuko saba. Yupo Thuy anayepaka watu kucha,
yupo mzee Kazimierz, miaka kumi na saba hapa
na anachojua ni namba za malori.
Yupo Rebwar kinyozi,
mwenye nywele za wengine kwenye mikono ya sweta.

Bi Glenys anaandika ubaoni kwa kalamu ya kijani:
msiseme "twende",
semeni "unaonaje kama tungekwenda?"
Msiseme "sitaki",
semeni "ni wazo zuri sana, ila..."
"Na baada ya hiyo *ila*," anasema, "nyamazeni.
Mwenzako ataimalizia mwenyewe."

Thuy akanyoosha mkono: na nyumba ikiwaka moto?
Bi Glenys akalifikiria hilo kwa dhati.
"Hapo piga kelele," akasema.
"Lakini uanze na samahani."

Mama yangu hana *nge* hata moja mdomoni.
Jumapili hunipigia kutoka Panevėžys:
Kula. Vaa soksi. Rudi.
Maneno makavu, ya moto,
kama viazi vilivyotolewa chunguni sasa hivi,
unavirusha mkono huu na huu, unavila hivyo hivyo.
Nikamjaribu: "Mama, ungeonaje
kama ungemwona daktari kuhusu ule mguu?"
Kimya. Nikasikia saa yake ya ukutani.
"Daiva," akasema, "nani amekufa?
Mbona unaongea kama watu wa benki?"

Jumanne iliyofuata tulipangwa wawili wawili.
Rebwar upande wa kupendekeza, mimi upande wa kukataa.
Hakutazama kitabu.
"Je, labda, siku moja, kama una nafasi,
tungeweza kunywa kahawa?"
Nami, kidole kwenye mstari wa nne, nikasoma vizuri,
kila silabi mahali pake:
"Ungekuwa wema mkubwa, ila kwa bahati mbaya..."
Bi Glenys akapiga makofi.
Masikio ya Rebwar yakawa mekundu,
ndipo nikajiuliza, nikiwa nimechelewa,
kama lile lilikuwa zoezi.

Juma zima nilikata minofu huku midomo ikinong'ona chini ya barakoa.
Kuhusu lile wazo lako.
Nimekuwa nikifikiri kwamba pengine.
Isingekuwa usumbufu, basi huenda.
Bwana Pickersgill akapita: "Unaonaje kuhusu zile kreti?"
"Wazo zuri sana," nikasema,
na tayari nilikuwa nimebeba mbili.

Jumanne mvua. Rebwar alichelewa,
akakaa mbali, karibu na kabati la ramani.
Sentensi yangu ndefu nilikuwa nimeivaa kama koti la kuazima,
na pale mlangoni, watu wakikung'uta miavuli,
ikanianguka yote.
"Kahawa," nikamwambia. "Leo. Twende."
Bi Glenys alikuwa akifuta ubao.
Akaendelea kufuta pahali palipokwisha kuwa peupe.

Rebwar akanitazama.
"Ni wazo zuri sana," akasema, "ila..."
akanyamaza,
nami nikasubiri kama tulivyofundishwa,
maji yakinidondoka puani,

"...ila mimi hunywa chai."